Mbwa Anatibiwa Wapi

Delmar kachora mstari katikati ya karatasi,
kushoto Minnesota, kulia Dakota Kusini,
akaniambia nisogeze kopo la sukari nimpishe.
Nje theluji imefika kwenye kitasa cha banda.
Ndani penseli inakwaruza kama panya darini.

Kulia, penye kodi ya mapato,
ameandika sifuri moja nene,
akaizungushia duara,
sifuri ndani ya sifuri,
kama mtu aliyechora yai kisha akalitafutia kiota.

Miaka thelathini na minane amefungua injini za matrekta ya watu.
Kila mshahara ulifika umekwisha kumegwa,
nami sikumsikia akinung'unika ila Aprili,
na Aprili hunung'unikia hata matope.
Sasa pensheni iko njiani, na kila senti ina jina.

"Arlys, ni maili kumi na mbili tu hadi mpakani."

Najua. Wifi yangu LaVonne alivuka mwaka juzi.
Tangu hapo kila simu ni sifuri, sifuri,
utadhani kaizaa yeye.
Lakini nilipomtembelea niliokota risiti yake ya dukani:
maziwa yametozwa, mkate umetozwa,
viazi vimetozwa, na chumvi.
Huku kwetu mkate hupita salama mbele ya mashine,
na soksi, na koti la baridi.
Nikaificha mkobani kama barua ya mahaba.
Leo nimeitandaza mezani.
Delmar anaisoma miwani ikiwa kipajini,
yaani haisomi.

"Tutakula mkate kiasi gani, sisi wawili?"

Ni swali la haki.
Nilipiga hesabu hiyo usiku, peke yangu, mara mbili:
tule mkate asubuhi, mchana na jioni,
tununue na soksi za kumvisha mbwa,
bado sifuri yake inashinda.
Sijamwambia.

Basi anabadili njia.
Tusiuze nyumba, anasema. Tupange chumba kule,
tulale ng'ambo nusu ya mwaka na siku moja,
nani atatuhesabia mito ya kitanda?
Namsomea barua ya mhasibu, yule binti wa Ostby:
hawahesabu usiku peke yake.
Watauliza leseni ya gari ilitolewa wapi,
kura mnapiga wapi, kanisani mnaketi wapi,
jino lenu nani alilijaza,
na mbwa anatibiwa wapi.

Tunainama wote wawili kumtazama Gus chini ya meza.
Anapiga mkia mara moja, kwa adabu.

Serikali haijawahi kuniuliza swali zuri namna ile.
Jino alilijaza Quist, mikono ikimtetemeka,
wiki aliyomzika mkewe, na halijang'oka hadi leo.
Kura napiga kwenye jengo la zimamoto;
mara moja uchungu ulinishika kwenye foleni,
wakanipisha mbele, nikapiga kura, nikaenda kujifungua.
Na mbwa anatibiwa kwa yule bwana wa Pipestone
aliyemlaza mbwa wetu wa kwanza usingizi wa mwisho
akasema bili ataituma.
Huu mwaka wa tisa, haijafika.
Niiandike safu gani hiyo, Delmar?

Hajibu. Anachonga penseli.

Saa kumi na moja alfajiri greda la theluji hupita,
taa yake ya manjano ikipepesuka darini mwetu.
Siku moja nililifuata nyuma kwa gari hadi mpakani.
Likageuka pale pale, kama mtu aliyesahau funguo,
na ng'ambo greda lingine likaanza kusukuma.
Theluji yenyewe haikugeuka.

Jumamosi tunakwenda kuitazama nyumba,
ghorofa ya pili, lifti, dirisha juu ya maegesho.
Nimekubali. Magoti yake hayapendi ngazi zetu, na sifuri ni sifuri.
Ila tutapitia dukani kwanza, nimemwambia,
huku huku,
mikate miwili, kabla ya mpaka.